Punguzo Lisilo la Dukani

Swali la mtihani lilikuwa la kisima. Kijiji kinataka pampu. Ya dizeli inauzwa shilingi milioni 6, na kila mwaka itakula milioni 3 za mafuta na matengenezo. Ya sola ni milioni 22, ila matunzo yake ni laki 5 tu kwa mwaka. Zote zitadumu miaka 10. Chini kabisa niliandika: kiwango cha punguzo ni asilimia 10.

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alijumlisha gharama zote za uendeshaji, akazikata asilimia 10 mara moja, akamaliza. Dizeli milioni 33, sola milioni 26 na laki 5. Sola akaipigia mistari miwili.

Neno ndilo lililompoteza. Punguzo analijua tangu utotoni alipotumwa dukani: unaomba upunguziwe, muuzaji anakata kidogo, mnamalizana papo hapo. Punguzo la wachumi halimaliziki papo hapo. Ni kile ambacho fedha ya kesho hupoteza kwa kila mwaka tunaoingojea, na mwaka unaofuata hukata tena katika kilichobaki. Kwa asilimia 10, milioni moja utakayoipata baada ya miaka 10 ina thamani ya sasa ya kama shilingi 385,500 hivi. Hapo “thamani ya sasa” inajieleza vizuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hilo “punguzo”.

Nimejaribu maneno mengine. “Kushusha thamani” tumezoea kulisikia kwenye taarifa za habari, likisemwa juu ya shilingi mbele ya dola. “Uchakavu” ni wa mashine yenyewe, na pampu huchakaa hata kama fedha haina bei. “Marejesho” yana wenyewe: mwulize mwanachama yeyote wa vikoba, atakwambia ni siku gani anatakiwa kupeleka yake. “Riba” inakaribia zaidi, ila ina uzito wake, hasa kwa wanafunzi Waislamu, nami sitaki mtu aache kusikiliza hesabu kwa kudhani anafundishwa kukopesha kwa riba. Hesabu hii inafanyika hata pale ambapo hakuna aliyekopa wala aliyekopesha.

Msaada niliupata kwenye upatu. Watu kumi wanachanga laki moja kila mwezi, na kila mmoja kwa zamu yake anapokea milioni moja. Kiasi ni kilekile kwa wote, lakini nani asiyetaka zamu ya kwanza? Wa kwanza ananunua cherehani leo na kuanza kushona, wa kumi bado anangoja. Darasa zima lilielewa kabla sijashika chaki. Tangu siku hiyo nasema “kiwango cha kusubiri”: asilimia ambayo mtu angedai aongezewe ili akubali kuisubiri fedha yake mwaka mmoja. Ni refu kidogo, lakini halimpeleki mtu dukani.

Kwa mhandisi somo hili si la pembeni. Simon Stevin, aliyechapisha majedwali ya riba huko Antwerp mwaka 1582, alikuwa mhandisi, na kabla yake majedwali ya namna hiyo mara nyingi yalikuwa siri ya wenye fedha. Mwaka 1877 Arthur Wellington wa Marekani alitoa kitabu kizima kuhusu uchumi wa kuchagua njia ya reli, kwa sababu kosa la anayepima njia hulipwa miaka mingi na watu ambao hawakuwepo siku ya kupima. Kisima nacho ni hivyohivyo. Mhandisi wetu husoma kwa Kiingereza chuoni, kisha husimama mbele ya kamati ya maji ya kijiji kueleza kwa nini amependekeza pampu hii na si ile. Akiwaambia “punguzo”, watamuuliza duka gani.

Basi tulirudia hesabu ubaoni, mwaka kwa mwaka. Kwa asilimia 10, dizeli ilitoka kama milioni 24.4 na sola milioni 25.1. Dizeli imeshinda, kwa kiasi kidogo! Tukashusha hadi asilimia 8: dizeli milioni 26.1, sola milioni 25.4. Mambo yanageuka karibu na asilimia 9. Yule mwanafunzi alitazama mistari yake miwili, halafu akauliza swali ambalo halikuwemo katika mtihani wangu: “Mwalimu, sasa kijiji chenyewe husubiri kwa asilimia ngapi?”

Nilimjibu kwamba inategemea fedha inatoka wapi. Kijiji kikikopa benki, riba yake kwa kawaida itapita hiyo 9, na dizeli itaonekana nafuu. Kikipewa ruzuku inayolipia sola tu, hakuna cha kulinganisha. Na kama ni akiba yao wenyewe, tuwaulize kwanza wangeifanyia nini kingine mwaka huu: mbolea, ng'ombe, au paa la zahanati. Akaandika maswali hayo pembeni mwa daftari, chini ya mistari aliyokuwa ameshaifuta.