Nguzo na nyaya za zamani za Kindu

Nguzo na nyaya za zamani za Kindu ni sehemu ya historia ya mji huo wa mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulioko ukingoni mwa mto Lualaba. Bandari yake ni ya mto, na hapo ndipo reli na meli hukutana. Reli ya kwenda mji wa Kongolo, iliyojengwa na kampuni ya reli ya CFL iliyoanzishwa mwaka 1902 ili kukwepa maporomoko ya Lualaba, ilikamilika mwaka 1911.

Reli za enzi hizo ziliambatana na waya wa simu. Kwenye njia moja, treni mbili haziwezi kupishana salama bila stesheni kuulizana kwanza, hivyo waya ulilinda uhai wa wasafiri. Ulishikwa na vikombe vya kauri au kioo, kwa kuwa nguzo iliyoloa mvua hupitisha umeme hadi ardhini.

Adui mkubwa wa nguzo za mbao katika misitu ya joto ni mchwa na uozo, ambao huanzia pale nguzo inapoingia udongoni. Kutia mbao dawa, au kutumia chuma, huongeza umri wa nguzo.

Mwaka 1974 reli ya CFL iliingizwa katika shirika moja la reli la taifa. Nguzo kongwe za waya wa reli hiyo zinastahili kuorodheshwa kabla hazijaanguka.