Utanzu katika Katalogi: Kwa Nini Diwani Hupotea Maktabani

Makala haya mafupi yanahusu jambo ambalo sisi walimu wa fasihi hulitumia kila muhula bila kulichunguza: namna katalogi ya maktaba inavyotaja utanzu wa kitabu. Darasani tunawafunza wanafunzi kutofautisha utenzi na shairi, riwaya na tamthilia. Wakifika maktabani wanakuta mgawanyo mwingine wenye historia yake, na wengi hurudi wakisema vitabu havimo, ilhali vimo rafuni.

Kuorodhesha vitabu kwa tanzu ni kazi ya kale. Mnamo mwaka 377 wa Hijria (987/988 B.K.) Ibn al-Nadim wa Baghdad alikamilisha orodha yake iitwayo Fihrist, yenye sehemu kumi. Sehemu ya nne ni ya ushairi. Hadithi za kubuni amezitia katika ya nane, pamoja na mambo ya uchawi! Kwa hiyo hata orodha ile ilikuwa na hukumu ya mwandishi ndani yake. (Neno letu faharasa lina asili moja na jina hilo.)

Katalogi tunazotumia vyuoni zina mizizi katika mwaka 1876. Mwaka huo, nchini Marekani, Melvil Dewey alitoa mfumo wake wa namba, na Charles Cutter akatoa kanuni za katalogi. Cutter alisema wazi kwamba katalogi haina budi kumwonyesha msomaji maktaba ina nini cha mwandishi fulani, cha mada fulani, na cha aina fulani ya fasihi. Lengo hili la tatu ndilo lililokuja kusuasua.

Dewey alilitimiza kwa namba. Katika mfumo wake fasihi ya Kiswahili ni 896.392, ukiongeza 1 umepata ushairi, 2 tamthilia, 3 bunilizi. Matokeo yake ni kwamba Kichomi (1974), diwani ya Euphrase Kezilahabi, haikai karibu na riwaya yake Rosa Mistika (1971). Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani hufanya kinyume. Kiswahili kimepewa PL8701 hadi PL8704, na watunzi hupangwa kwa majina yao, kwa hiyo vitabu hivyo viwili husimama pamoja. Kwa mwalimu anayesomesha mtunzi mmoja huu ni msaada mkubwa. Anayesomesha utanzu atazunguka rafu nzima.

Basi atategemea vichwa vya mada, na hapa ndipo penye kizungumkuti. Kichwa cha mada kiliundwa kueleza kitabu kinahusu nini, si kitabu chenyewe ni nini. Kwa kanuni ya muda mrefu ya maktaba hiyo ya Marekani, kichwa “Ushairi wa Kiswahili” huwekwa kwenye mkusanyo wa watunzi wawili au zaidi. Kikiongezewa “historia na uhakiki” huwekwa kwenye kazi inayojadili ushairi. Diwani ya mtunzi mmoja haikupewa kichwa hicho. Mwanafunzi akitafuta ushairi kwa mada atapata antholojia na vitabu vya wahakiki, lakini hatapata Kichomi wala Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla mpaka awe tayari anajua jina la kitabu au la mtunzi. Kwa maoni yangu hili limechangia tabia ya wanafunzi wetu kunukuu uhakiki wa diwani ambazo hawajazifungua.

Tendi zina tatizo la ziada. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, ni ushairi na pia ni ushahidi wa historia. Kanuni zinaruhusu kichwa cha vita vyenyewe (1905–1907) kifuatwe na neno “ushairi”. Mkutubi akifanya hivyo, mwanafunzi wa historia ataukuta. Akiishia kwenye fasihi pekee, hataukuta.

Mabadiliko yalianza mwaka 2007, maktaba hiyo ilipoanza kutunga istilahi za tanzu na maumbo mbali na zile za mada, ikitangulia na filamu. Istilahi za fasihi ziliidhinishwa mwaka 2015. Katika rekodi za kompyuta za mfumo wa MARC, mada huingia sehemu ya 650 na utanzu sehemu ya 655, hivyo diwani ya mtunzi mmoja sasa yaweza kuandikwa kwamba ni ushairi. Lakini rekodi za zamani hazijirekebishi zenyewe, na maktaba nyingi hunakili rekodi kama zilivyo. Aidha, istilahi mpya hupendekezwa na maktaba zinazoshiriki. Mkutubi hawezi kupendekeza “utenzi” ikiwa sisi hatujampa fasili yake na mifano.

Umbo nalo lisisahauliwe. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaingiza pia kanda za sauti. Utenzi uliomo kwenye kanda na utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ni utanzu mmoja wenye maumbo mawili. Mtafiti wa lahaja anahitaji ile kanda. Wa imla anahitaji mswada. Rekodi isiyotaja umbo itawapeleka wote wawili mahali pamoja, na mmoja wao atakuwa amesafiri bure.