Jirani Hakuulizwa Jina: Upendo wa Kikristo katika Historia ya Mbau na Mto Ruvuma

Kitenzi kupenda kimezaa maneno mawili ambayo Wakristo wa Kiswahili hawayachanganyi. Katika Sala ya Bwana, mapenzi ya Mungu ni matakwa yake. Mtaani, mapenzi ni ya wachumba. Lakini Paulo anapowaandikia Wakorintho sura ya 13, au Yohana anaposema kuhusu asili ya Mungu katika waraka wake wa kwanza, wafasiri walichagua upendo. Neno hili halihusu sana moyo unavyojisikia. Linahusu mtu anavyomtendea mwenzake hata pale ambapo moyo hausikii chochote, au unasikia hofu na chuki.

Insha hii inauliza kama maana hiyo ya upendo imewahi kuonekana katika historia, na kama imeonekana, ni nani walioitenda. Mahali nilipochagua ni Mbau, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, pamoja na nchi inayoizunguka hadi mto Ruvuma. Hoja yangu ni kwamba katika eneo hili upendo wa Kikristo umepimwa kwa swali moja lililorudi kila kizazi: mgeni aliyekimbia akifika mlangoni, je, anaulizwa kwanza jina lake na dini yake, au anapewa maji?

Mbau ni makao ya tarafa katika wilaya ya Mocímboa da Praia. Upande wa magharibi kuna uwanda wa juu wa Mueda na Muidumbe, nchi ya Wamakonde, ambao wengi wao ni Wakatoliki tangu wamisionari wa Montfort walipofungua misheni ya Nangololo mwaka 1924. Upande wa mashariki kuna pwani ya Wamwani, Waislamu kwa karne nyingi, ambao lugha yao ina undugu wa karibu na Kiswahili chetu. Kwa hiyo watu wa eneo hili wamezoea kuishi kati ya msikiti na kanisa. Si kwamba waliishi bila ugomvi. Septemba 2005, mjini Mocímboa da Praia, mzozo wa uchaguzi wa manispaa kati ya wafuasi wa Frelimo na Renamo ulimwaga damu, na ulifuata kwa kiasi kikubwa mpaka wa Wamakonde na Wamwani. Anayetaka kuandika historia ya upendo hapa hana budi kuanza kwa kukubali kwamba majirani hawa walikuwa na sababu za kutoaminiana.

Tuanze na zama za ukoloni. Mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani ulilifunga Kanisa la Msumbiji na serikali ya Lisbon. Misheni zilipewa shule za Waafrika na ruzuku, na serikali ilitarajia utii. Hapo ndipo upendo ulipopata mtihani wake wa kwanza. Je, mtu anaweza kumpenda Mwafrika darasani na kunyamaza anapochapwa shambani? Wamisionari wengi walinyamaza. Wengine walishindwa kuendelea kunyamaza: mwaka 1971 Mapadri Weupe waliamua kuondoka Msumbiji kwa sababu uhusiano wa Kanisa na ukoloni ulikuwa unaipotosha Injili waliyokuja kuihubiri. Mauaji ya Wiriyamu, mkoani Tete, ya Desemba 1972, yalijulikana duniani mwaka uliofuata kwa sababu mapadri walikusanya habari zake na padri Adrian Hastings akazipeleka kwenye gazeti la The Times la London. Mfano huu unatufundisha jambo moja kuhusu maana ya upendo: wakati mwingine tendo la upendo ni kusema ukweli ambao wenye mamlaka hawautaki.

Wakati huohuo upande wa pili wa Ruvuma upendo ulikuwa na sura nyingine. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, na hasa baada ya FRELIMO kuanza vita huko Chai Septemba 25, 1964, makumi ya maelfu ya watu walivuka mto na kuingia Tanzania. Walipokelewa Mtwara, Newala, Masasi na Lindi. Makazi ya wakimbizi yalianzishwa Rutamba, na shirika la Kilutheri la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoundwa mwaka 1964, lilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Askofu wa Kianglikana wa Masasi wakati huo alikuwa Trevor Huddleston, mtu aliyekwisha kujulikana kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini.

Mwanafunzi wa historia lazima awe mwangalifu hapa. Mapokezi yale hayakuwa matunda ya mahubiri peke yake. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na siasa ya ukombozi. FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Tena, wenyeji wengi waliowapokea wakimbizi walikuwa ndugu zao wa damu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, na wengi wao walikuwa Waislamu. Je, basi tunaweza kuuita upendo huo wa Kikristo? Nadhani jibu limo katika mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10. Yesu aliulizwa jirani ni nani, naye akatoa mfano ambamo kuhani na Mlawi wanapita, na mtu wa dini iliyodharauliwa ndiye anayesimama. Kwa maneno mengine, katika mafundisho ya Kikristo yenyewe, mwalimu wa upendo anaweza kuwa mtu asiye wa kanisa. Mkristo anayeona aibu kujifunza upendo kutoka kwa Mwislamu hajausoma mfano huo hadi mwisho.

Mtihani wa sasa ulianza Oktoba 5, 2017, wapiganaji waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia. Watu wakawaita al-Shabaab, ingawa wengi wao walikuwa vijana wa mkoa huohuo. Vita vikaenea. Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi, Muidumbe, vijana zaidi ya 50 waliuawa. Polisi walisema walikataa kujiunga na wapiganaji. Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa, na masista wawili kutoka Brazili waliokuwa wakihudumu hapo walishikwa wakaachiwa baada ya siku 24. Mwishoni mwa mwaka huo misheni ya Nangololo ilishambuliwa na kuharibiwa. Mbau yenyewe ilikuwa ngome ya wapiganaji hadi Agosti 2021, ilipokombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Kufikia mwisho wa mwaka huo waliohama makwao walikuwa zaidi ya 800,000.

Watu hao walikwenda wapi? Wengi hawakwenda kambini. Walikaa katika nyumba za watu. Kuanzia katikati ya Oktoba 2020, katika wiki chache tu, zaidi ya watu 10,000 walifika kwa mashua katika mtaa wa Paquitequete, mjini Pemba, mtaa wa wavuvi ambao wakazi wake wengi ni Waislamu na maskini. Wengine walipokelewa na ndugu, wengine na watu ambao hawakuwahi kuwaona. Caritas ya jimbo la Pemba iligawa chakula na vifaa kwa wote. Askofu Luiz Fernando Lisboa, Mbrazili aliyeliongoza jimbo hilo tangu 2013, alisema hadharani kuhusu mateso ya watu wakati ambapo vita hivyo vilizungumzwa kwa minong'ono, na kwa hilo alishambuliwa kwa maneno makali na watetezi wa serikali. Agosti 2020 Papa Fransisko alimpigia simu kumtia moyo. Februari 2021 alihamishiwa Brazili. Mtu akilinganisha mwaka 1973 na 2020 ataona mstari mmoja: chakula na ukweli ni mikono miwili ya upendo uleule.

Kinyume cha upendo huo kilionekana wazi Septemba 2023 katika kijiji cha Naquitengue, wilaya hiyohiyo ya Mocímboa da Praia. Kwa mujibu wa taarifa za Kanisa, wapiganaji waliwakusanya wanakijiji, wakawatenga Wakristo na Waislamu kwa kutazama majina yao, kisha wakawafyatulia risasi Wakristo. Waliouawa walikuwa wasiopungua 11. Kwa karne nzima majina yaliyotoka kanisani na yaliyotoka msikitini yalikuwa yakiitwa katika soko moja. Siku ile jina likawa hukumu.

Ni rahisi kuwalaani wauaji na kuishia hapo. Lakini sisi tulio kaskazini ya Ruvuma tuna jambo letu la kujibu. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliripoti, likitumia takwimu za mamlaka za mpakani za Msumbiji, kwamba tangu Januari hadi Juni watu zaidi ya 9,600 waliokimbilia Tanzania walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Kulikuwa na sababu ya hofu: Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakaua watu katika kijiji cha Kitaya, Mtwara. Serikali ina wajibu wa kulinda raia wake, na sipuuzi wajibu huo. Hata hivyo, wengi wa waliorudishwa walikuwa wanawake na watoto. Mwaka 1964 nchi maskini, iliyokuwa na uhuru wa miaka mitatu, ilifungua mlango huku ndege na askari wa Ureno wakiwa ng'ambo ya mto. Hatari ilikuwepo wakati ule pia. Kilichobadilika ni jibu tulilolitoa.

Linabaki swali gumu kuliko yote, la kumpenda adui, ambalo Yesu analiweka katika hotuba ya mlimani. Vijana wa porini watarudi vijijini. Baadhi yao walitekwa wakiwa watoto. Msumbiji ilishawahi kupita njia hii. Mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, uliosimamiwa na jumuiya ya Sant'Egidio pamoja na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, ulimaliza vita vya miaka 16, na sheria ya msamaha ikafuata mwezi huohuo. Risasi zilinyamaza, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini sheria ile haikumwita mjane aeleze kilichompata. Kwa mtazamo wangu, msamaha wa namna hiyo ni nusu ya upendo. Paulo anapoutaja upendo kuwa mvumilivu, anautaja pia kuwa unaufurahia ukweli. Mtu wa Mbau akiombwa akae tena na aliyechoma nyumba yake, ana haki ya kusikilizwa kwanza, na kanisa au msikiti unaomwomba asamehe bila kumsikiliza unamwongezea mzigo.

Kwa kuhitimisha, historia hii inatuonyesha upendo wa Kikristo kama kazi yenye matendo yanayohesabika: kupokea, kulisha, kusema ukweli, kusikiliza, na mwishoni kusamehe. Inatuonyesha pia kwamba kazi hiyo haimilikiwi na Wakristo peke yao. Paquitequete ni ushahidi. Aidha, inatuonyesha kwamba watu waliowahi kuifanya vizuri wanaweza kuiacha, kama Ruvuma inavyotushuhudia. Yule Msamaria wa njia ya Yeriko hakumuuliza majeruhi jina lake. Alimfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama kwa fedha yake mwenyewe. Mto Ruvuma bado upo, na watu wa Cabo Delgado bado wanakimbia. Swali la mlangoni halijafungwa.