Kijana na Sahani Mbili za Santuri

Msomaji, huenda umewahi kusimama kando ya dansi ya arusi na kumtazama mpiga santuri, yule ambaye vijana siku hizi humwita dijei, ukatamani kuwa mahali pake. Tena yawezekana umejiambia kwamba kazi hiyo haikufai, kwa kuwa huna sahani za kutosha wala fedha za kuzinunulia. Kabla hujakata tamaa, sikiliza habari ya Clive Campbell, ambaye ulimwengu humjua kwa jina la DJ Kool Herc.

Clive alizaliwa mwaka 1955 mjini Kingston, katika kisiwa cha Jamaika. Siku zile watu wengi wa mji huo hawakuwa na uwezo wa kununua mashine ya santuri wala kukodi bendi. Kwa hiyo walikusanyika viwanjani na barabarani, ambako wenye vipaza sauti vikubwa waliwapigia sahani. Wapiga santuri hao walishindana vikali. Aliyepata sahani asiyokuwa nayo mwenziwe aliikwangua karatasi ya katikati yenye jina la wimbo, ili mpinzani wake asijue cha kutafuta. Clive aliyaona hayo angali mtoto.

Mwaka 1967 alihamia Marekani, akakaa Bronx, sehemu ya jiji la New York. Maisha ya huko yalikuwa magumu. Barabara kuu ilikuwa imepasua makazi ya watu, kazi zilipungua, na katika miaka ya 1970 majumba mengi yaliteketea kwa moto. Vijana wengi waliingia katika magenge, na mahali pa kustarehe kwa amani palikuwa haba.

Katika mwaka 1973 umbu lake, Cindy, alitaka fedha za kununulia nguo mpya za shule. Akaamua kufanya dansi katika ukumbi wa jengo walimokaa, namba 1520 Sedgwick Avenue. Wasichana walitozwa senti 25, na wavulana senti 50. Mpiga santuri alikuwa Clive, na mashine zilikuwa za baba yao. Usiku ule wa tarehe 11 Agosti, Clive alianza na nyimbo za kwao Jamaika, lakini wachezaji hawakuchangamka. Basi hakushindana nao. Aliziweka kando, akapiga sahani za Wamarekani weusi, kama zile za James Brown, na ukumbi ukachemka. Hapo pana somo la kwanza: mpiga santuri hajipigii mwenyewe, huwapigia watu walio mbele yake.

Kwa kuwatazama wachezaji, Clive aligundua jambo jingine. Wengine walisimama kando wakingoja sehemu moja tu ya wimbo, pale waimbaji wanyamazapo na ngoma kubaki peke yake. Sehemu hiyo ilikuwa fupi mno. Sasa fikiri jinsi sahani ilivyo. Kila upande una mfuo mmoja mwembamba, uzungukao kutoka ukingoni mpaka karibu na kati, na sindano huufuata mfuo huo. Sindano ikishapita pale penye ngoma, utamu umekwisha. Clive alifanya nini? Alitwaa sahani mbili za wimbo ule ule, akaziweka juu ya mashine mbili. Ngoma ilipokwisha katika ya kwanza, aliianzisha katika ya pili, huku akiirudisha sindano ya kwanza nyuma. Kwa njia hiyo sekunde chache ziligeuka kuwa dakika nyingi.

Kama wale wa Kingston, Clive naye aliziloweka sahani zake majini na kuzibandua karatasi, ili siri isitoke. Lakini masikio ya watu hayabanduliki. Miongoni mwa waliomfuata alikuwamo Joseph Saddler, aliyezaliwa Barbados mwaka 1958, ambaye baadaye alijulikana kama Grandmaster Flash. Huyu alikuwa amesomea mambo ya umeme. Aliona kwamba midundo ya sahani mbili za Clive haikuungana sawasawa, akaenda kujifunza. Alitia alama kwa kalamu ya nta mahali ngoma inapoanzia, akatandika kitambaa laini chini ya sahani ili aweze kuirudisha kwa mkono bila kuizuia mashine. Yapata mwaka 1975 kijana mdogo zaidi, Grand Wizzard Theodore, alizidisha: aliisugua sahani mbele na nyuma chini ya sindano, mpaka mkwaruzo wenyewe ukawa muziki.

Kutokana na dansi hizo ukazaliwa muziki wa hip-hop, ambao wewe huusikia hata Nairobi na Mombasa. Mwaka 1979 wimbo wa kundi la Sugarhill Gang ulivuma sana, na wengine wakavuna fedha. Herc hakuwa na fungu katika mavuno hayo. Heshima ilimfikia polepole. Mwaka 2023 ndipo alipotunukiwa na jumba la Rock and Roll Hall of Fame.

Je, alipata hasara? Kwa hesabu ya fedha, pengine. Lakini kama siri yake ingalifichika kweli, ingalikwisha pamoja naye. Basi, msomaji, ukitaka kuanza, usihesabu kwanza wingi wa sahani. Chukua chache ulizo nazo, uzisikilize mpaka ujue kila moja ina nini na mahali gani, kisha uwatazame watu. Na siku utakapomzidi aliyekufundisha, usiache kumtaja jina. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni haki kumkumbuka aliyetia punje ya kwanza.