Kariokor na Nyaatha

Wasee, Kariokor tunaijua kwa nyama choma na viondo, si ndiyo? Jina lenyewe ni Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa Embu na Meru pia walichukuliwa kwa nguvu. Maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na malaria, si risasi. Babu ya cucu wangu alitoka Embu, hakurudi.

Kwenye hospitali zao za Voi, Kilwa na Lindi alikuwako Sista Irene Stefani, Mwitaliano aliyefika Kenya 1915 akiwa na miaka 23. Aliosha vidonda, akawalisha. Baadaye huko Gikondi, Nyeri, watu wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Oktoba 1930 aliuguza mwalimu mwenye tauni, naye ikamshika. Alikufa na miaka 39. 2015 Kanisa likamtangaza mwenye heri, hapo hapo Nyeri.

Mimi hiyo serikali bado sijaisamehe. Lakini cucu akisali rozari humtaja Nyaatha, halafu babu yake. Nikamuuliza kwa nini anawaweka pamoja. Akasema hajui kama walikutana, ila anapenda kufikiri kuna mtu alimpa maji.