Chupa Nne Mezani: Hispania, Bihawana na Sisi wa Geita



Jumamosi iliyopita tulikutana watu watano sebuleni kwangu. Sharti lilikuwa moja: uje na chupa ya mvinyo ambayo mshahara wa mwandishi wa habari unaweza kuimudu. Mezani zikatua nne, mbili za Hispania na mbili za Dodoma. Tulinywea glasi za soda, msinicheke.

Tukaanza na nyekundu ya Hispania, zabibu aina ya Tempranillo. Mkavu, una harufu ya zambarau zilizoiva, unakausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Nyeupe yake ilikuwa Airén, zabibu ya nyanda kame za La Mancha: nyepesi, ina uchachu wa ndimu, unaisahau haraka. Kisha tukafungua nyeupe ya Dodoma, Chenin Blanc, yenye harufu ya nanasi. Ya mwisho ilikuwa Dompo, ambayo wengi mnaijua: nyekundu, tamu, na baadaye inakuwasha kifuani.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Jamaa yangu mmoja anayefanya kazi mgodini akasukuma glasi ya Dodoma pembeni. Kwake yeye, ya Hispania ina historia, ya Dodoma ni ya kulewea tu.

Nikamwambia, kaka, historia yenyewe ni moja.

Sikilizeni. Wahispania walipovuka bahari kwenda Amerika katika karne ya 16, mapadri wao walikuwa na shida ya kikazi. Kanisa Katoliki linataka divai ya misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Kuagiza mapipa kutoka Ulaya ilikuwa ghali, na mengine yalifika yamechacha. Wakapanda mizabibu. Aina waliyoitegemea sana ni Listán Prieto, ambayo leo Chile inaitwa País na California inaitwa Mission, jina linalotaja misheni yenyewe. Altare ilitangulia, baa ikafuata.

Sasa njooni Dodoma. Mwaka 1957, wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana. Sababu ni ileile, kikombe cha misa. Walichokikuta pale ni zawadi ya pekee: jua jingi, mvua chache, na hakuna baridi kali ya kuulaza mmea. Ulaya mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma mkulima akipogoa kwa wakati wake anavuna mara mbili, kuanzia Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Hispania, yenye eneo kubwa la mizabibu kuliko nchi yoyote duniani, haina bahati hiyo.

Mzabibu ukatoka misheni ukaingia vijijini. Gereza la Isanga likalima. Mpunguzi, Mvumi, Hombolo na Chinangali wakalima. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikachuja aina zinazofaa, na moja ikabeba jina la mahali hapo, Makutupora Nyekundu. Serikali ikaunda kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, nayo ikaanguka kama yalivyoanguka mashirika mengi ya umma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja wawekezaji Waitaliano wa Cetawico wakajenga kiwanda Hombolo.

Mnaona pengo liko wapi? Mkulima alipewa mche, hakupewa pipa.

Niliwahi kutumwa Dodoma kuandika habari za Bunge, nikatoroka siku moja kwenda shambani. Mzee mmoja alinionyesha vichala vilivyoanza kusinyaa juani huku nyuki wakivizunguka. Alikuwa anasubiri gari la mnunuzi kwa siku ya sita. Mahindi unayaweka ghalani ukangoja bei. Zabibu haikungoji, ikishaiva, siku chache tu zinaamua kama una ada ya mtoto au huna. Mwenye mtambo wa kukamua analijua hilo, na ndiye anayetaja bei.

Ndiyo maana baadhi ya wakulima walianza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujakamilika, kwa viwanda. Mchuzi ukitunzwa vizuri kwenye matangi unaweza kusubiri mnunuzi. Sheria ya ushuru nayo ilikuja kutoa nafuu kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini. Ni hatua. Lakini nafuu hiyo inaanzia kwenye chupa, na chupa bado iko mbali na shamba la yule mzee.

Jamaa yangu wa mgodini akanyamaza kidogo. Sisi wa Geita hadithi hii tunaijua vizuri. Mgodi wa kikoloni ulifungwa mwaka 1966, mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, na katika vipindi vyote viwili dhahabu ilikwenda kusafishwa kwa wengine. Kiwanda kikubwa cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa jirani yetu Mwanza mwaka 2021 tu. Kuwa na kitu na kuwa na mtambo wa kukikamilisha ni mambo mawili tofauti.

Je, mvinyo wa Dodoma ni bora kuliko wa Hispania? Sitadanganya. Usiku ule Tempranillo iliongoza kwa kura tatu, na kura yangu ilikuwamo. Chenin Blanc ikapata mbili. Kwa zao lililoanza na misheni moja mwaka 1957, dhidi ya watu waliokuwa wakikamua zabibu tangu kabla ya Warumi, mimi naona si aibu hata kidogo.

Jamaa yangu aliondoka wa mwisho. Chupa ya Chenin Blanc ilikuwa imebaki robo, akaibeba.