Moto, Mwafi na Neno "Kiapo"

Katika karne za kumi na saba hadi kumi na tisa watu wa London walilipa fedha kumtazama mtu asiyeungua. Mwaka 1672 John Evelyn aliandika habari za Richardson, aliyekula makaa mekundu mbele ya wageni mezani. Na katika miaka ya 1820 Chabert aliingia tanurini na nyama mbichi, akatoka nayo imeiva. Watazamaji walipiga makofi wakaenda zao. Haikuwako kesi wala mshtakiwa.

Pwani yetu moto ulikuwa na kazi nyingine. Krapf, aliyekaa Rabai tangu 1846, ameeleza kiapo cha shoka miongoni mwa Wamijikenda: shoka hutiwa motoni hata likawa jekundu, kisha hupitishwa kiganjani mwa mshukiwa, akiungua, ana hatia. Wataalamu wa fizikia watatuambia ya kwamba unyevu wa ngozi hugeuka mvuke, ukakinga kwa nukta chache, kama alivyoonyesha Leidenfrost mwaka 1756. Ni kweli, lakini aliyenyosha mkono wake hakuwa na tikiti ya kuuza. Alikuwa na jina lake, na pengine uhai wake.

Huko Rungwe mambo yalikuwa vingine, na hapa ndipo penye faida kwetu. Wanyakyusa hawakumpima mtu kwa moto bali kwa kinywaji. Aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa umwafi, akitapika, ameshinda, asipotapika, amepatikana. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wilayani humo kati ya 1934 na 1938, walikuta desturi hiyo imekwisha pigwa marufuku na serikali, ila wazee waliikumbuka vema. Moto nao ulikuwa na heshima yake mahali pengine kabisa: katika ubusoka, kizazi kipya kilipokabidhiwa nchi, mioto yote ya nyumbani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya kwa vijiti, na kila nyumba ikawasha kwa huo. Moto, basi, ulifunga zamani na kufungua zama mpya. Haukuuliza nani mkosefu.

Sasa tutazame maneno. Umwafi wa Kinyakyusa na mwavi wa Kinyanja ni neno moja. Ama "kiapo" latoka katika kuapa, ambalo kwa Kibemba ni kulapa; Kiswahili kimeidondosha konsonanti ya mwanzo. Wanafunzi wangu hulifasiri neno hili kuwa ni maneno ya kuapa tu. Lakini Krapf, katika kamusi yake iliyotoka 1882, alilijua pia kuwa jina la jaribio lenyewe: shoka, chungu, sindano ya kutoboa mdomo. Na mbona twasema "kula kiapo"? Kwa maoni yangu, kitenzi hicho kimehifadhi kumbukumbu ya kitu kilichomezwa kweli. Najua yupo atakayenijibu kwa "kula yamini", na hoja yake ina uzito.

Hatari ni hii: mfasiri wa shauri la zamani la Tukuyu akiandika kwamba mtu fulani "alikula kiapo", msomaji wa leo humwona amesimama kizimbani na kuinua mkono. Yamkini alikuwa amepiga magoti, kibuyu kinywani, na jamaa zake wamemzunguka wakingoja atapike.